Darasa ulilosomea lilikubeba au lilikukwamisha? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, lawama zote ni za walimu na watoto. Leo tuongelee chumba chenyewe: bati, madawati, ubao.

Naanza. Nimesoma msingi Kagera, mvua za huko mnazijua. Darasa halina dari, ikishuka mvua bati linapiga kelele hasikiki mtu, mwalimu anaweka chaki chini, tunalaza vichwa kwenye madawati. Mada ya sehemu kwenye hesabu iliangukia masika, ikapita hivyo hivyo. Mpaka leo zinanitoa jasho.

*Ticha wa Mchana*
Nipo Dar, shule ya zamu mbili. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 watoto walifurika. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa darasa, ila kwangu walipita mia. Wamebanana hadi ukutani, sina pa kupita kukagua daftari. Aliye nyuma kabisa nilimjua kwa mwandiko wake, kwenye mtihani.

*Msongea*
Ubao je? Sisi tulipaka wenyewe. Unatwanga makaa ya betri zilizokufa, unachanganya na majani mabichi, unasugua Ijumaa jioni. Wiki ya kwanza safi. Baadaye unapauka, na wa upande wa dirishani wanaona mng'ao tu, wananakili kwa jirani pamoja na makosa yake.

*Babu Kaunda*
Visingizio. Sisi tumesomea chini ya mwembe na tukatoboa.

*Ticha wa Mchana*
Babu shikamoo. Mliotoboa ndio mpo humu. Wenzenu wa mwembe uleule tuwaulize wapi?

*Mama Wawili*
😂😂 Kwetu Dodoma shule ya kata ilipata yale madarasa ya fedha za Uviko, yale 15,000 ya mwaka 2021. Mwanangu kila mtu ana kiti na meza yake, kaacha kulalamika mgongo. Tatizo jua la mchana, linaingia dirishani moja kwa moja, saa nane nusu ya darasa wanasinzia. Tumepeleka mapazia, yameishia ofisini kwa walimu.

*Msongea*
Mama, kamati ipande miarobaini upande wa magharibi, inavumilia ukame wa huko. Ila isogezwe mbali na ukuta, mizizi inapasua msingi.