Marangu mwishoni mwa Machi: barafu ya juu ya Kibo, mtu wa Mtwara ajiandaeje?

Mwana wa Shangani
Habari zenu wakuu. Tuko wanne hapa Mtwara mjini, tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wiki ya mwisho ya Machi. Mwongozaji ametuonya kwamba mvua za masika zikiwahi, kuanzia juu ya Kibo Hut (kambi ya mwisho chini ya kilele cha Kibo) njia inaweza kuwa na theluji iliyoganda. Hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga barafu. Je, yale meno ya chuma ya kuvalisha kwenye buti ni lazima? Na mazoezi tufanyie wapi?

Buti Kavu
Mkuu, theluji mpya si tatizo kubwa. Ogopeni ile iliyokanyagwa: jua la mchana linaiyeyusha, usiku inaganda tena, alfajiri inateleza hata buti likiwa jipya. Angalieni hasa kona za mwisho chini ya Gilman's Point (mita 5,681), pale njia inapofika ukingo wa kreta, na ukingo huo kwenda Uhuru, kileleni kabisa (5,895).

Meno mepesi ya chuma yenye mpira na mnyororo yanatosha njia ya Marangu. Yajaribuni nyumbani juu ya buti lenyewe, mkiwa mmevaa glovu, maana kwenye baridi mpira unakakamaa na vidole havina nguvu. Vaeni barafu inapoanza, si kabla. Kwenye mawe na changarawe mnyororo unakatika. Theluji ikijazana chini ya soli, meno hayashiki tena, kwa hiyo gonga buti kwa fimbo kila mara.

Kushuka ndiko kunakoangusha watu. Mtu akiogopa anaegemea nyuma, uzito wote unakwenda kisiginoni, mguu unachomoka. Kunja magoti, piga hatua fupi, kanyaga kwa wayo mzima ili meno yote yaume.

Dada wa Newala
Naongezea mavazi. Pamba iacheni kabisa, ikilowa jasho haikauki na inakupoza mwilini. Mitumbani tafuteni sufu na nailoni, na zipu muijaribu hapo hapo. Soksi jozi mbili zinazobana ni kosa: damu haifiki vidoleni na vidole vinakufa ganzi. Bora jozi moja nene ya sufu, buti libaki na nafasi mbele.

Maji ya moto yawe kwenye chupa iliyofungwa vizuri, ndani ya soksi, imegeuzwa kichwa chini, kwa sababu barafu huanza kuganda upande wa juu. Mrija wa kunywea utaganda, msiutegemee. Betri za akiba za tochi zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Mazoezi: pandeni na kushuka mteremko wa Newala mkiwa na mizigo. Mtapata miguu na magoti, basi. Uwanda wa Makonde haufiki mita 1,000, hautawazoesha hewa nyepesi.

Mwana wa Shangani
Ahsante sana dada, na wewe mkuu. Tumelipia siku tano. Inafaa?

Buti Kavu
Ongezeni ya sita, mlale kambi ya Horombo (mita 3,720) usiku mara mbili mfululizo kabla ya kwenda Kibo Hut. Mchana wa katikati pandeni hadi Mawe ya Pundamilia, miamba iliyo juu ya kambi, kisha mrudi kulala. Mtu anayetoka usawa wa bahari asiibane siku hiyo kwa sababu ya fedha.

Na hili naomba mlishike wote wanne. Mtu akianza kuyumba juu ya barafu, wenzake husema "anateleza tu". Kumbe huenda ubongo umeanza kuvimba kwa kukosa oksijeni. Mtafutieni sehemu tambarare isiyo na barafu, mvueni meno, atembee hatua kumi kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akishindwa, anashuka saa hiyo hiyo akiwa na mwongozaji msaidizi, hata kama Uhuru inaonekana. Kwa hiyo kabla ya kuondoka getini hakikisheni kundi lenu lina waongozaji wasiopungua wawili.

Dada wa Newala
Na yeyote mwenye shinikizo la damu au selimundu aonane na daktari kwanza, kabla hamjalipa salio.