Kitabu kinaitwa "Dau". Jaladani niweke dau?

Kalamu_Nyeusi
Habari za leo wakuu. Tuna mfululizo wa vitabu vitatu vyembamba vya hadithi za Unguja, kila kimoja kurasa 96, ukubwa wa A5. Majina mwandishi hataki yaguswe: *Dau*, *Kibatari* na *Mlango wa Nyuma*. Hayana fumbo lolote. Cha kwanza kinahusu dau (chombo cha tanga cha baharini), cha pili kibatari, cha tatu mlango wa nyuma wa nyumba moja ya Mji Mkongwe.

Kinachonisumbua ni picha. Nikiweka dau chini ya neno Dau, jalada linageuka kitabu cha chekechea cha kufundishia majina ya vitu. Nikiweka kitu kingine, watu wa mauzo wanasema mnunuzi atapotea. Mchoraji hatumudu, kwa hiyo ni picha za bure mtandaoni au tupige wenyewe. Nyie mnachaguaje?

JaladaJembamba
Weka dau. Kinachotia uchekechea ni kukionyesha kitu kizima, katikati ya jalada, kimetulia, kwenye jua la saa sita. Neno limeshamwambia msomaji ni kitu gani. Kazi iliyobaki kwa picha ni kumwambia kiko katika hali gani, ni wakati gani, na kama kuna mtu alikuwapo.

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya picha, andika sentensi moja kwa kila kitabu: kitu, hali, saa. Mfano: dau limepwelewa, tanga limeshushwa, jioni. Kibatari kimezimwa sasa hivi, moshi bado unapanda. Mlango umeachwa wazi upana wa kiganja, tunautazama tukiwa ndani. Sentensi itoke kwenye hadithi yenyewe, tena theluthi ya mwanzo. Ukiitoa mwishoni utakuwa umemsimulia mnunuzi kitabu kabla hajalipa. Ukikosa picha inayolingana na sentensi, usibadilishe sentensi ili ilingane na picha nzuri uliyoiona. Hapo ndipo majalada mengi yanapoharibikia.

Ukishapata picha mbili tatu kwa kila kitabu, zijaribu hivi. Funika jina, waonyeshe watu watano ambao hawajasoma. Usiwaulize "hii ni nini", waulize "hapa kumetokea nini". Wote wakijibu "ni dau" wakanyamaza, picha haina kazi. Akitokea hata mmoja akauliza mwenye dau kaenda wapi, umepata jalada. Kisha punguza jalada lote mpaka kimo cha pikseli 150, maana maduka ya mtandaoni huonyesha hivyo kwenye simu. Kibatari kisichofika hata theluthi ya kimo cha jalada hutakitambua kirahisi.

Halafu chagua picha zote tatu kwa pamoja, usichague moja moja. "Dau" ni herufi tatu, unaweza kuliandika kubwa kama ngoma. "Mlango wa Nyuma" itabidi uligawe mistari miwili. Kama ni mfululizo, jina likae sehemu ileile kwenye vitabu vyote, kwa hiyo kila picha iwe na theluthi tupu upande huohuo: anga, ukuta, au giza. Picha isiyo na nafasi tupu utalazimika kuibandikia kisanduku cha rangi nyuma ya maandishi, na kisanduku kinaonekana kiraka.

Foromali
Nakazia hoja ya JaladaJembamba kwa upande mwingine. Jina likiwa la wazi hivi, kitu kilichopo pichani lazima kiwe chenyewe hasa. Kwenye maghala ya picha mtandaoni kila chombo cha tanga cha pwani yetu kimetupwa kwenye kapu moja. Utaletewa ngalawa, mashua, jahazi, vyote kwa neno lilelile la utafutaji. Ngalawa utaijua kwa vile vielea viwili vya pembeni vilivyoungwa kwa miti. Mashua imekatwa bapa upande wa tezi, yaani nyuma. Dau limechongoka kote kuwili, omo (mbele) na tezi. Jahazi kubwa la mizigo ndilo linalopendwa na wapiga picha wa machweo, na ndilo litakalokujia kwanza. Kitabu kinachoitwa *Dau* chenye ngalawa jaladani, mtu wa pwani kama Nungwi au Mkokotoni atakirudisha mezani huku anacheka. Kwa hiyo tafuta picha ambayo ncha zote mbili zinaonekana, au mpelekee fundi wa vyombo aithibitishe kabla hujalipia chochote.

Kibatari vilevile. Ukitafuta utaletewa chemli, ile yenye kioo, mkono wa kubebea na kidude cha kupandishia utambi. Kibatari ni kikopo cha bati chenye utambi uliopenya juu, hakina kioo, na ndiyo maana kinatoa masizi. Masizi hayo ni zawadi kwa mtengeneza jalada: alama nyeusi ukutani juu ya kibatari inasema miaka mingapi nyumba hiyo imekaa bila umeme.

Sasa mlango. Hapa ndipo ninapoona mtakosea, kwa sababu kishawishi ni kikubwa. Mtu akisikia mlango na Mji Mkongwe, mkono unakwenda wenyewe kwenye mlango wa nakshi wenye njumu za shaba. Ule ni mlango wa mbele. Ulichongwa ili wapita njia waone hadhi ya mwenye nyumba. Wa nyuma ni mbao tupu, komeo, bawaba zenye kutu, pengine bati limepigiliwa chini palipooza. Ukiweka wa nakshi, jalada linampinga mwandishi, tena litafanana na kila kadi ya posta inayouzwa pale mjini.

MsomajiMkali
Mimi naona *Kibatari* kisiwe na picha kabisa. Jalada jeusi tii, jina kwa herufi za njano, basi. Msomaji atawasha mwenyewe kichwani.

WinoMbichi
MsomajiMkali, kwenye skrini ni nzuri, kiwandani ni mateso. Jalada jeusi lote linaonyesha alama za vidole, na kwenye mkunjo wa mgongo wino hupasuka ukaona mstari mweupe wa karatasi. Mkilazimisha, litiwe laminesheni (utando wa plastiki), na weusi ujengwe kwa rangi nne badala ya wino mweusi peke yake, ambao ukichapwa eneo kubwa hutoka kijivu. Kwa asilimia, samawati (cyan) 60, waridi (magenta) 40, njano 40, nyeusi 100 inatosha: jumla 240, chini ya kikomo cha 300 ambacho viwanda vingi huweka kwa karatasi ya jalada inayong'aa. Lakini maandishi madogo meupe msiyaweke juu ya weusi wa namna hiyo. Sahani za kuchapia zikisogea kidogo tu, herufi zinajaa wino.

Kalamu_Nyeusi, kibatari pigeni wenyewe, ni rahisi kuliko kutafuta. Simu juu ya kigoda au kitu kisichotikisika. Gusa mwali kwenye skrini, shikilia mpaka kamera ijifunge hapo, kisha vuta mwangaza chini mpaka uone kiini cha mwali kina umbo. Ukiiacha simu iamue yenyewe, itaangaza chumba kizima na mwali utakuwa doa jeupe. Mizani ya rangi iweke kwenye mchana, kama kelvini 5000 hadi 5500, la sivyo itaufuta ule uchungwa wa mwali. Pigeni wakati wa magharibi, dirisha likiwa wazi ubavuni, mwanga hafifu uguse bati. Usiku kamili utapata mwali unaoelea bila kikopo. Na ule moshi wa baada ya kuzima unaonekana tu kama nyuma yake pana giza na mwanga unaingia kutoka pembeni.

Vipimo: A5 ni milimita 148 kwa 210. Ongeza milimita 3 za kukatia kila upande, unapata 154 kwa 216. Kwa nukta 300 kwa inchi, picha ya jalada la mbele peke yake iwe na pikseli zisizopungua 1819 kwa 2551 *baada* ya kupunguzwa kingo. Simu ya megapikseli 12 inatoa 3024 kwa 4032, inatosha. Kinachoharibu ni kutumiana kwa WhatsApp kama picha: inabanwa na inarudi ndogo. Itumwe kama hati.

Bahari ya *Dau* ifanyieni majaribio mapema. Ule uzumaridi wa kwenye skrini haupo katika wino wa rangi nne, utatoka umefifia na kuelekea kijivu. Ndiyo maana wazo la dau lililopwelewa, lenye mchanga na matope, litachapika vizuri kuliko dau lililo kwenye maji ya buluu.

Kalamu_Nyeusi
Shukrani sana wakuu, mlango wa nakshi nilikuwa nimeshauteua, naufuta. Maswali mawili ya mwisho. Picha ya dau niliyoipata kwenye Wikimedia Commons ina leseni ya CC BY-SA, inafaa? Na dau linaelekea kushoto, upande wa mgongo, kama linatoka kitabuni. Naweza kuigeuza kama kwenye kioo?

JaladaJembamba
BY-SA inaruhusu biashara, ila ina masharti. Lazima umtaje mpiga picha na leseni yake. Ukurasa wa hakimiliki ndani ya kitabu unatosha. Tena ukiibadilisha (kuipaka rangi, kuichanganya na kitu kingine) kazi iliyotokana nayo nayo uitoe kwa leseni hiyohiyo. Mchapishaji anayetaka jalada liwe mali yake peke yake atafute CC0 (isiyo na masharti) au CC BY (sharti la kumtaja mpiga picha tu). Yenye alama ya NC (isiyoruhusu biashara) iacheni, kitabu kinauzwa. Kama kuna mvuvi ambaye sura yake inatambulika, leseni inahusu haki za mpiga picha tu. Idhini ya mvuvi ni jambo jingine.

Foromali
Kuigeuza, tazama kwanza ubavuni mwa chombo. Kina jina au namba ya usajili? Ikigeuzwa itasomeka kinyumenyume na watu wataiona. Kwenye milango ni hatari zaidi: mingine huandikwa aya za Kurani juu ya fremu, na aya iliyogeuzwa si kosa la kuombea radhi kirahisi. Na kuelekea kushoto mbona si tatizo kwa hadithi ya mtu anayeondoka?

WinoMbichi
La mwisho kuhusu mgongo. Kurasa 96 ni karatasi 48. Kwa karatasi ya gramu 80, yenye unene wa kama milimita 0.1, mgongo ni milimita 5 hivi. Mkunjo unaweza kukosea milimita moja kila upande, zinabaki 3, kwa hiyo jina la mgongoni lisizidi pointi 8. Picha ya mbele msiikatishe palepale kwenye ukingo wa mgongo, iacheni izunguke mpaka nyuma; faili lote litakuwa milimita 307 kwa 216. Kwa *Mlango wa Nyuma* itapendeza zaidi: ukuta unaendelea mgongoni, na bawaba zinakaa karibu na mkunjo. Muulizeni mchapaji unene halisi wa karatasi atakayotumia kabla ya kufunga faili, maana karatasi ya krimu huwa nene kidogo kwa gramu zilezile.