Mrejesho: Dashibodi ya 504 imepatikana, nimeitengeneza uani

Wakuu, ni yule niliyeuliza kama naweza kutengeneza kwa faiba (nyuzi za kioo) dashibodi ya Peugeot 504 ya marehemu mzee. Ya zamani jua la Dodoma limeipasua, sponji inamwagika kama pumba. Inawezekana, ila rezini, ile gundi ya maji inayogandisha faiba, ina adabu yake.

Mara ya kwanza nilichanganya nusu lita saa saba mchana, hadina, dawa ya kuigandisha, nikamimina kwa kukadiria. Sijamaliza hata tabaka moja, kopo likaanza kufuka moshi na brashi ikagandia humo humo. Mama watoto akauliza kama napika gongo.

Sasa naanza alfajiri kabla jua halijachomoza. Gramu 200 tu kwa wakati, hadina mililita 2, napima kwa bomba la sindano. Nyufa za ile ya zamani nilijaza puti, nikapiga msasa, nikapaka nta mara tano, ndipo nikatoa moldi, yaani kalibu ya faiba, juu yake. Hapo kwenye matundu ya mita iligoma kabisa kuachia. Kuna mkuu alinishauri nifanye moldi ya vipande viwili nikajifanya mjuaji. Nimeishia kuikata kwa grainda na kuiunga kwa bolti. Samahani mkuu.

Barakoa ya kitambaa haizuii harufu ya rezini, tafuteni yenye vichujio vya kemikali. Vumbi la faiba nalo linawasha siku mbili.

Kwenye dashibodi mpya mita zimekaa vizuri. Kifuniko cha droo bado kinagoma kufunga.