Biokemia imenishinda, sapu (mtihani wa marudio) ni baada ya wiki tatu. Nianzie wapi?

Chipukizi:
Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa kwanza, diploma ya utabibu. Matokeo yametoka, masomo yote nimevuka isipokuwa biokemia. Nikianguka kwenye sapu narudia mwaka, na ada yenyewe mama aliipata kwa kuuza mpunga. Uvivu sina. Asidi amino zote 20, vile vipande vinavyounda protini, nimezikariri, nikiamka asubuhi zimebaki kumi na mbili. Mzunguko wa Krebs nimeuchora hadi wino umeniishia, ila ukiniuliza una kazi gani nanyamaza. Mtihani uliuliza kwa nini umbo la protini huamua kazi yake, nikajaza orodha ya majina. Niliingia fani hii kwa sababu mdogo wangu ana sikoseli (selimundu). Naombeni ushauri.

Mkesha:
Tafuta mitihani iliyopita ya miaka mitano, kariri majibu. Maswali hujirudia. Mimi nilivuka hivyo hivyo.

Mama Maabara:
Kuvuka atavuka, halafu wodini je? Mgonjwa haji na swali la mwaka jana.
Chipukizi mwanangu, jibu la swali lililokuangusha unaishi nalo nyumbani. Weka orodha kando, kaa na himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, peke yake siku tatu. Ina minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja asidi amino 141, na miwili ya beta, kila mmoja 146. Shika beta, hesabu hadi nafasi ya 6. Kwa watu wengi pamekaa asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi na inayopenda maji. Kwa mdogo wako pamekaa valini, haina chaji na huyakimbia maji kama mafuta. Chanzo ni herufi moja tu ya DNA: GAG imekuwa GTG.
Chaji hiyo iliyopotea ndiyo tunayoiona maabara. Tukiipitisha himoglobini kwenye umeme, ya sikoseli huchelewa kufika upande chanya. Linus Pauling na wenzake waliitambua kwa njia hiyo mwaka 1949.
Sasa niambie: kitu kinachokimbia maji kimewekwa nje ya protini, na kote kuna maji. Kitafanya nini? Usifungue daftari.

Chipukizi:
Shikamoo mama, asante sana. Nadhani valini itajificha kwa himoglobini ya jirani, zishikane. Lakini mbona seli zake haziwi mundu muda wote?

Mwalimu wa Zamu:
Hapo ndipo umbo linapoingia, kijana. Himoglobini iliyobeba oksijeni haina pa kuipokea valini ya mwenzake. Ikishaiachia oksijeni kwenye misuli, umbo lake hubadilika na kishimo hujitokeza. Valini ya jirani inaingia humo, nyingine inafuata, hadi zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoipinda seli. Seli ikirudi mapafuni nyuzi huachana. Ila ikipindwa mara nyingi utando wake huharibika na hainyooki tena. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana mgonjwa anaishiwa damu. Ungeandika aya hii kwenye mtihani, usingekuwa hapa leo.

Chipukizi:
Nimeisoma mara nne. Kumbe ndiyo maana mama humfuata mdogo wangu na kikombe cha maji kutwa nzima! Maji yakipungua ndani ya seli, himoglobini zinabanana na kushikana upesi. Nimekosea?
Na jingine: alizaliwa mzima kabisa, vidole vilianza kuvimba akiwa na miezi minane. Alikuwa wapi huo ugonjwa?

Mama Maabara:
Hujakosea hata kidogo. Mpe mama yako hongera, anafanya biokemia bila daftari.
Ugonjwa alizaliwa nao. Ila mtoto mchanga hutumia zaidi himoglobini yake ya tangu tumboni mwa mama, ambayo badala ya beta ina minyororo ya gama, na gama haina ile valini. Miezi ikisonga, beta inachukua nafasi. Haidroksiyurea wanayopewa wagonjwa huongeza ile ya tumboni, na nyuzi zinapungua.

Mkesha:
Nimesoma kimya kimya. Nilivuka mwaka ule na haya sikuyajua. Mdogo wangu, mfuate mama.

Chipukizi:
Nashukuruni sana, nimepata nguvu. Krebs je, mama? Nayo ina mlango kama huu?

Mama Maabara:
Upo, na tunaingilia seli ile ile. Seli nyekundu iliyokomaa haina mitokondria, vile vijumba vya nishati vya seli, na Krebs, inayosaidia kutoa nishati hiyo, hufanyika ndani ya mitokondria. Sasa yenyewe inapata wapi nishati kwa siku zote 120? Andika jibu lako hapa kabla hujalala.