Nani Alifunga Maji?

Kikundi: Ukoo Mmoja 🌳
Jumapili jioni

Mama Mdogo: Jamani nani kashamaliza kusikiliza sehemu ya saba ya ile tamthilia ya sauti ya Kaisari? Mimi mwili bado unanisisimka

Kitinda: MIMI 🙋 Kaisari kafa na kikombe mkononi 😭😭

Binamu: We Kitinda!! Mimi niko ya tano!

Kitinda: Uwiii samahani. Nafuta

Binamu: Ukifuta nami nitasahau? Ushanimalizia uhondo

Mjomba: Tangu sehemu ya kwanza mtu anakohoa mpaka spika inatetemeka. Ulidhani atastaafu?

Binamu: Baba usinichokoze

Mama Mdogo: 😂😂 Ila wamejitahidi. Ya sita tu ndiyo waliiharibu, pale bustanini sauti inakatika katikati ya maongezi. Nilidhani simu yangu

Dada: Hata yangu. Nikarudisha nyuma mara mbili, vilevile

Mjomba: Tuache mitambo. Muuaji ni Waziri Mkuu. Ndiye mwenye jeshi, ndiye mwenye muhuri, na ndiye aliyelia kuliko wote msibani

Mimi: Mjomba, kulia nako ni kosa?

Mjomba: Kwa kilio kile, ndiyo

Kitinda: Mimi nasema Bi Mkubwa. Mamake Kaisari. Sauti yake tu inatisha, anaongea kama anakupapasa shingo

Mjomba: Mama hawezi kumuua mwanawe. Hapo mwandishi atakuwa ametia chumvi

Dada: Mjomba shikamoo kwanza 😅 halafu pole. Malkia Irene wa Constantinople, Istanbul ya leo, mwaka 797, watu wake walimtoboa macho mwanawe Constantine VI. Kwao kipofu hakai kwenye kiti cha enzi. Bi huyo akatawala peke yake mpaka 802, waziri wake wa fedha alipompindua

Mjomba: Marahaba. Umeona? WAZIRI

Dada: Kati ya yote niliyoandika, umeokota hilo tu

Mama Mdogo: Kaka hajabadilika tangu utotoni

Kitinda: Mimi chumvi niliyoiona ni wale simba wa kiti cha enzi, sehemu ya tatu. Simba wa shaba wananguruma, ndege wa shaba wanaimba. Zama zile? Kwa betri gani?

Dada: Hapo hajatia hata punje. Ikulu ya Bizanti, dola ya yuleyule Irene, walikuwa nacho kiti hicho. Liutprand wa Cremona alienda huko kama mjumbe mwaka 949, akaandika alivyoingia simba wakanguruma, ndege wakalia kila mmoja kwa sauti yake. Akainama hadi chini, alipoinua kichwa akamkuta Kaisari juu karibu na dari, na nguo kashabadili

Kitinda: Weee

Dada: Vitisho vya masikio. Mgeni anaanza kutetemeka kabla hajaulizwa jina

Mjomba: Mimi farasi ndio walionimaliza. Nilifungua dirisha nione wanapita wapi

Mimi: Mjomba hao ni vifuu vya nazi. Mafundi wa sauti wanavigonganisha. Na pale jeshi linapovuka theluji, ule mlio wa nyayo wanaupata kwa kuminyaminya mfuko wa wanga wa mahindi

Mjomba: Kwa hiyo nimefungulia vifuu dirisha

Mama Mdogo: 🤣🤣🤣

Binamu: Naomba mrudi kwa muuaji, nimeshaharibiwa basi niharibiwe vizuri. Na Towashi Mkuu je? Mbona hamumtaji?

Kitinda: Yule naye? Kazi yake kupita tu na funguo kiunoni, chwa chwa chwa, kama mbuzi mwenye kengele. Sidhani kama amefikisha maneno ishirini tangu tamthilia ianze

Mjomba: Towashi kahasiwa, hapati faida. Kiti hawezi kukikalia, mtoto wa kumrithisha hana

Dada: Ndiyo maana wafalme waliwaamini, wakawapa hadi funguo za chumba cha kulala. Ila asiyeweza kukalia kiti anaweza kuchagua nani akikalie

Mjomba: Mwalimu umeanza

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

Kitinda: Bibi kaingia. Kaeni vizuri

Binamu: Niko kwenye watu, siwezi kufungua. Mtu aniandikie tafadhali

Mimi: Naandika kama alivyosema, msinilaumu:

"Hamjambo. Nimewasikia wote, nimesomewa. Nyie mnasikiliza maneno, tena huku mnafua na mnapiga pasi. Mimi macho yangu hayana kazi tena, nimebaki na masikio, basi nayatumikisha. Sehemu ya pili, Kaisari kabla hajasema na Waziri anamwambia mtumishi nini? 'Fungulia maji.' Hakuwa na kiu yule. Mle ndani kila wanaponong'ona watu, ile chemchemi ya uani inamwagika. Rudini muone, kila mara.

Sasa njooni sehemu ya sita. Bi Mkubwa na tabibu bustanini. Maji yanamwagika. Bi Mkubwa anauliza dawa itachukua siku ngapi. Kabla tabibu hajajibu, maji yanakatika. Kimya. Wale wawili akili zao ziko kwenye sumu yao, hawana habari, wanaendelea. Jibu lote unalisikia mpaka mate ya tabibu yakimezwa. Nyie mkasema simu mbovu. Simu nzima kabisa. Mtu kafunga maji ili awasikie.

Na kabla hayajakatika kuna kitu kimelia. Chwa. Mara moja tu."

Kitinda: FUNGUO

Mama Mdogo: Mama yangu nywele zimesimama

Mimi: Subirini bado haijaisha:

"Haya. Sehemu ya saba, Kaisari anapewa kikombe. Chumbani wanaongea watatu, yeye, tabibu na mtoto wa Kaisari. Mtawahesabu hao watatu kwa kuwa wanaongea. Sikilizeni tena pale anapokiinua. Chwa. Wako wanne. Towashi alikuwa amesimama hapohapo, anajua kilichomo, na hakufungua mdomo. Hakumuua. Alimwacha anywe."

Dada: Bibi…

Dada: Na hilo la maji ni la kweli kabisa jamani, mwandishi kalitoa kwenye makasri yenyewe. Topkapı, Istanbul, wanasimulia kwamba chemchemi zilifunguliwa ili mazungumzo yasisikike. Tena palepale kwenye ukumbi wa baraza kulikuwa na dirisha la nondo juu ukutani. Sultani akikaa nyuma yake, mawaziri hawajui kama yupo au hayupo

Binamu: Bora kudhani yupo

Dada: Ndivyo walivyodhani

Mjomba: Mama kwa heshima zote sikubaliani. Funguo moja ikilia inaweza kuwa bahati mbaya. Mwigizaji kagusa meza

Bibi: Kasikilize

Mjomba: Nimeshasikiliza

Bibi: Kasikilize bila kuongea

Mama Mdogo: 😂😂😂 Kaka nenda

Kitinda: Lakini Bibi kama alijua sumu imo, kwa nini awasikilize bustanini kisha anyamaze? Angewaripoti angepewa zawadi

Mimi: Zawadi ya Kaisari anayekohoa? Angekaa nayo wiki ngapi

Mama Mdogo: Sasa hivi Bi Mkubwa na tabibu wote wako mfukoni mwake. Na wenyewe hawajui

Dada: Na mtoto wa Kaisari ana miaka tisa. Atahitaji mtu wa kumfungulia milango

Kitinda: Nimeogopa. Yule mbuzi wa kengele

Binamu: Nilimsema mimi wa kwanza, iandikwe

Kitinda: Ulimtaja kwa kubahatisha

*Dakika arobaini baadaye*

Mjomba: Nimezima taa. Nimejifunika blanketi gubigubi

Mjomba: Ipo. Ile funguo ipo, kote kuwili

Mama Mdogo: Na Waziri wako?

Mjomba: Waziri analia kwa dhati masikini. Nimemwonea

Mjomba: Ila Mama kuna kingine. Mwishoni kabisa, baada ya kilio, muziki ukishaisha, kabla ya majina ya waigizaji. Maji yanaanza kumwagika tena. Umeyasikia?

Bibi: Nimeyasikia

Mjomba: Nani kayafungulia? Anataka kusema na nani?

Bibi: Nalala sasa. Usiku mwema

Mjomba: Mama!

Kitinda: Kashazima simu 😭

Binamu: Naanza upya sehemu ya kwanza. Mtu asinisemeshe mpaka Ijumaa