Mrejesho: bendi yetu ya jazi ya chuo na wageni wa kulipwa, Kisumu

Wadau habarini, mimi ndiye niliuliza vile bendi ya wanafunzi inaweza kupiga na wanamuziki wa kulipwa bila kuwafunika, basi shoo imepita na nawashukuru sana jameni, hadi mpiga besi wetu amesema niwasalimie.

Kitu kilitusaidia zaidi ni ule ushauri wa kuandikia kila ala nota zake mapema. Wimbo ulikuwa kwa ufunguo wa F ya piano, lakini ala za kupuliza husoma nota tofauti na piano ndio sauti ilingane, kwa hivyo wageni wa tarumbeta na saksafoni ya tenori tukawapea G, mwenye saksafoni ya alto akapata D, walifika wakasoma wakapiga, hakuna kusumbuana jukwaani. Na yule alisema tarumbeta zetu zinyamaze mgeni akipiga solo na dada wa drams atumie brashi badala ya vijiti, ubarikiwe, solo zilisikika hadi viti vya nyuma. Ishara ya kugusa kichwa ili turudi kwa melodi pia ilishika.

Chenye kilikataa ni kubadilishana baa 4 na drams, yaani mpiga solo anapiga vipimo vinne vya mdundo (baa), kisha drams zinajibu kwa vinne. Kwa blues yenye mzunguko wa baa 12 tulikaa sawa, lakini kwa ile tulipiga kibenga besi ilinyamaza, hakuna mtu alishika hesabu, mgeni akaingia mapema na ikabidi mpiga kinanda apige melodi kwa nguvu ndio tujipate. Sahi mazoezini besi haisimami, inatembea chini chini drams zikijibu, na inakubali. Mwenye atajaribu aanze hivyo. Asanteni tena, wanafunzi walifurahi sana.