Mjadala: Kiswahili kibovu kwenye vibao, na kesho kwenye sarafu. Tukipokee hivyo hivyo?

Ndugu zangu, leo nataka tugombane kidogo kwa heshima. Swali ni hili: serikali na wenye biashara hapa Uganda wakianza kutuandikia Kiswahili kwenye vibao, na pengine siku moja kwenye sarafu zetu, tuwapokee hata wakikosea, au tuwaambie wangoje kwanza wapate wa kuwasahihishia?

Naanzia mbali. Tarehe 31 Januari 2020, siku Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya, walitoa sarafu mpya ya peni 50. Maneno yake, kwa Kiswahili chetu, ni "Amani, ustawi na urafiki na mataifa yote". Mwandishi Philip Pullman akasema pana mkato uliokosekana kabla ya ile "na" ya kwanza, na kwamba kila mtu aliyesoma aisusie sarafu hiyo. Wengine wakamjibu kwamba mkato huo kwa Kiingereza ni hiari, ukitaka weka, usipotaka acha. Alastair Campbell, aliyekuwa msemaji wa waziri mkuu wao wa zamani Tony Blair, akasema yeye akipewa hiyo dukani ataomba peni 20 mbili na 10 moja. Sasa huyo hana ugomvi na mkato. Ugomvi wake ni kule kutoka Ulaya. Pullman naye alikuwa mpinzani wa kutoka, tena mpinzani wa wazi. Kinachonichekesha ni kwamba sarafu kama hizo, takriban milioni moja, zilikuwa zimeshapigwa kwa tarehe 31 Oktoba 2019, safari ikaahirishwa, zikayeyushwa. Hasara ile ilipigiwa kelele siku chache. Mkato ukabaki midomoni.

Turudi nyumbani. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, na Bunge likaachiwa lipange kitumike wapi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Lakini toa sarafu mfukoni sasa hivi: jina la benki ni la Kiingereza, thamani ni ya Kiingereza. Tanzania walikuwa na "Shilingi moja" kwenye sarafu yao tangu 1966.

Msimamo wangu: kosa la sarufi nalisamehe, kosa linalompoteza msomaji silisamehe hata kidogo. Na wengi wanaolalamikia sarufi wana jambo lingine moyoni. Haya, nipingeni.

*

MUUZA VIATU, OWINO: Mzee, nani anasoma sarafu? Mimi sarafu nazijua kwa picha: nina swala, nina ng'ombe, nina samaki, nina korongo. Mia hamsini yaani swala siku hizi hata konda haitaki, sembuse kusoma maandishi yake. Watu hugombania picha. Kenya walibadilisha sarafu Desemba 2018 wakaweka twiga, kifaru, simba na tembo, kwa sababu Katiba yao ya 2010 imekataza sura ya mtu kwenye pesa. Watu wakafurahi. Mwaka uliofuata zikaja noti mpya zenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, na mbele ya jumba pana sanamu ya Jomo Kenyatta. Wakaenda mahakamani! Hiyo ni picha. Umesikia mtu ameenda mahakamani kwa ajili ya mkato?

MWENYE MADA: Ndugu, hapo ulipoandika "mia hamsini yaani swala" umenichanganya. Swala ni hamsini. Ona sasa, ningekuwa mteja ungenirudishia balansi pungufu. Na kuhusu mkato mahakamani, ndiyo, nimesikia. Madereva wa kampuni moja ya maziwa jimbo la Maine, Marekani, waliishitaki kampuni kwa malipo ya saa za ziada, na kesi ikasimama juu ya mkato usiokuwepo kwenye sheria ya jimbo. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona sheria ina utata, ikawapa madereva nafuu, na mwaka 2018 wakamalizana kwa dola milioni 5.

MUUZA VIATU, OWINO: Banange. Basi niwekeeni wangu.

*

MWALIMU WA KISWAHILI, MBALE: Napinga, na sina ugomvi wowote wa siasa moyoni, mzee wangu usitusingizie wote. Kwanza, mkato wa Pullman kwetu hauna mahali. Sisi tunaandika "baba, mama na watoto", hatuweki mkato kabla ya "na", mambo yamekwisha. Hilo la Waingereza tuwaachie.

Pili, Kiswahili hapa Uganda watoto wetu hawakikuti nyumbani kama wa Mombasa au wa Tanga. Wanakikuta darasani kwangu dakika arobaini, halafu wanakikuta ukutani njia nzima ya kurudi nyumbani. Ukuta unanishinda. Nimefundisha "mbwa mkali" mpaka chaki ikaisha. Mtoto anatoka getini kwa shule anakuta mageti manne yameandikwa MBWA KALI. Kesho yake kwenye insha ananiletea "mwalimu kali". Nikimkosoa anasema, lakini nimeliona limeandikwa. Kilichoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye chuma kina nguvu kuliko mimi.

Sasa fikiria kosa hilo likiwa kwenye sarafu. Kibao unaweza kukipaka rangi upya. Sarafu inakaa miaka thelathini. Hapa Uganda watu wengi, hata waliosoma, huandika "shillingi" kwa L mbili. Nani atakayekaa mlangoni kwa kiwanda siku hiyo?

Msidhani ni sisi tu. Australia, ambao Kiingereza wamezaliwa nacho, walitoa noti mpya ya dola 50 mwaka 2018 ikiwa na neno "wajibu" la Kiingereza limekosa herufi moja, tena limerudiwa mara tatu kwa maandishi madogo kama chawa. Noti zipatazo milioni 46 zilikuwa zimeshaingia mikononi mwa watu kabla kosa halijatangazwa mwaka 2019. Walikuwa na wataalamu wote hao!

DEREVA WA MASAFA, MALABA: Mwalimu, shikamoo. Swali moja tu. Mwizi akisoma MBWA KALI, anaruka ukuta kwa kuwa upatanisho wa kisarufi umevunjika?

MWALIMU WA KISWAHILI, MBALE: Marahaba. Mwizi si mwanafunzi wangu.

DEREVA WA MASAFA, MALABA: Sawa, lakini mimi ndiye ninayesoma vibao kwa kazi, Mombasa mpaka Kigali, nikipanda Tanzania nikishuka Mutukula. Tanzania wanaandika MCHEPUKO pale barabara inapokatwa, na utani wake madereva tunaujua, wake zetu wanaujua zaidi. Lakini nikikiona napinda, sijawahi kupotea. Kenya noti zao miaka nenda rudi zimeandikwa "Banki Kuu ya Kenya", wakati Watanzania wanasema "Benki Kuu". Nimewahi kukataliwa noti ya Kenya kwa ajili ya ile A? Hata siku moja.

Kibao kilichonitoa jasho ni cha mkandarasi mmoja, simtaji, upande wa magharibi huko. Kimeandikwa vizuri, herufi safi, hakuna kosa la tahajia: NUNDU MBELE. Nundu! Nikajua ng'ombe wanavuka, nikaanza kutafuta ng'ombe kushoto na kulia, macho porini. Nikalipata tuta la kwanza na tani ishirini na kitu mgongoni. Turnboy wangu aligonga kichwa darini. Kila dereva kuanzia Mombasa anajua MATUTA. Wangeandika "matutta" kwa T tatu ningeelewa.

MWENYE MADA: Hapo ndipo ninapopasemea mimi. Sahihi kwenye kamusi, hatari barabarani.

*

MKAZI WA MASAKA: Mnanichosha. Nasema kilichonileta: mimi sikitaki hicho Kiswahili kwenye sarafu, kiwe kibovu kiwe kizuri. Mwaka 1973 Amin alikitangaza lugha ya taifa bila kutuuliza vizuri. Baba yangu alijifunza Kiswahili chake kwenye kizuizi cha barabarani, akiwa amenyoosha mikono juu. Maneno aliyoyajua ni "toka nje", "lala chini", "leta pesa". Leo mnaniambia nikisome kwenye kibao cha zahanati? Wekeni Luganda, wekeni Runyankole, wekeni Acholi.

MSTAAFU WA JESHI, GULU: Pole kwa mzee wako, ndugu. Sisemi hayakutokea. Mimi nimevaa gwanda miaka mingi, na hiyo lugha ndiyo iliyofanya mimi Muacholi na mwenzangu wa Mbarara tuchimbe handaki moja bila kutiliana shaka. Kwenye sarafu ile ya mia tano hapatoshi lugha zote za Uganda. Patatosha mbili.

MKAZI WA MASAKA: Basi ziachwe na Kiingereza chake, afande. Angalau Kiingereza hakikutulaza chini.

MSTAAFU WA JESHI, GULU: Uliza wazee waliolimia wazungu pamba.

MWENYE MADA: Ndugu wa Masaka, nakushukuru kuliko wote hapa. Umesema jambo lenyewe. Ungeweza kuja na "mbwa kali" ukajificha nyuma yake wiki nzima. Ila kaa ukijua Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilisainiwa hapa hapa Kampala, Novemba 2013. Lengo lilikuwa pesa moja ifikapo 2024, likasogezwa hadi 2031. Siku hiyo ikifika, Kiswahili kitakuja kwenye sarafu, na kitakuwa kimeandikwa na watu wa Dar na Nairobi kama sisi bado tunabishana.

*

MCHAPAJI WA MABANGO, BARABARA YA NASSER: Kila mtu anatulaumu sisi, sasa nisikilizeni. Kibao kinazaliwa hivi. Mteja anatuma maneno WhatsApp, saa mbili usiku, anakitaka kesho saa tatu asubuhi kabla mgeni rasmi hajafika. Kiingereza kimeandikwa na bosi. Kiswahili kimetoka kwenye simu ya katibu muhtasi, amekipitisha kwenye programu ya kutafsiri, akanakili, akabandika. Mimi nanakili, nabandika. Mashine inakata. Hapo watu watatu wameyagusa yale maneno na hakuna hata mmoja aliyeyasoma.

Mtasema, wewe unajua Kiswahili, sahihisha. Nimewahi. Kampuni moja ilileta "Hakuna maegesho" ikimaanisha usiegeshe gari hapa. Kwangu hiyo inasema tu kwamba maegesho hayapo, tafuta kwingine ukipenda. Nikaandika "Usiegeshe hapa". Mhasibu akagoma kulipa: kwenye agizo kuna maneno mawili, haya si yale. Nikakata upya kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo nachapa ninacholetewa. Ukiniletea jina lako limekosewa nalichapa limekosewa, na karatasi ya kukagulia unasaini wewe.

MWENYE MADA: Kisa chako kina ndugu yake kule Wales. Mwaka 2008 halmashauri ya Swansea ilitaka kibao cha lugha mbili cha kuzuia malori makubwa. Wakamtumia mtafsiri maneno ya Kiingereza kwa barua pepe, jibu likarudi kwa Kiwelisi, wakalichapa na kulisimamisha barabarani. Juu Kiingereza kinazuia malori. Chini Kiwelisi kinasema: sipo ofisini kwa sasa, tuma kazi yoyote ya kutafsiriwa. Lilikuwa jibu la kompyuta. Kila herufi sahihi.

MCHAPAJI WA MABANGO, BARABARA YA NASSER: Na aliyelaumiwa nina hakika ni mchapaji.

*

MUUGUZI, KASESE: Naandika haraka, nipo zamu. Wagonjwa wetu wengi wanavuka kutoka ng'ambo ya Mpondwe. Kiingereza hawana, Kiswahili chao ni cha Kongo. Hapa mlangoni mtu alibandika: "Mtoto akipata homa baada ya dawa arudishwe mara moja." Sarufi nzuri, mwalimu angetoa alama zote. Mama mmoja akamleta mtoto siku ya kwanza, tukampa dawa ya homa. Homa ikarudi, hakuja. Siku ya tatu amebebwa. Ananiambia: dada, mliandika mara moja, na mimi nilishamleta mara moja.

Mtoto alipona. Karatasi tuliichana, tukaandika "arudishwe siku hiyo hiyo, hata usiku, hata kama ulishakuja", na kabla ya kubandika tukamwita yule mama akasoma kwa sauti mbele yetu. "Hata usiku" aliisema yeye, alituuliza kama geti linafunguliwa. Sasa sijui hiyo ni sarufi au si sarufi. Kengele imelia.

MWALIMU WA KISWAHILI, MBALE: Dada, hilo nimelikubali. Kibao kisiangaliwe na mwalimu peke yake, kiangaliwe na atakayekitumia. Lakini mwalimu naye awepo. Sitoki hapo.

MUUZA VIATU, OWINO: Na atalipwa na nani huyo wa kusoma?

MCHAPAJI WA MABANGO, BARABARA YA NASSER: Hilo ndilo swali. Mwalimu, kwa kuwa upo: nina mteja amesimama hapa sasa hivi, anataka geti, herufi za chuma, tunachaji kwa herufi. MBWA KALI. Nimemwambia ni MKALI. Anasema akiandika "mkali" watu watajua ni mmoja, na yeye anao watatu.

MWALIMU WA KISWAHILI, MBALE: Basi ni WAKALI. Herufi mbili zaidi, alipe.

MCHAPAJI WA MABANGO, BARABARA YA NASSER: Anasema atapunguza mbwa.